Script ya marehemu Wycliffe iliendelea kutusalimia kila asubuhi, mpaka nikaombwa niinyamazishe

Wakuu, nawasalimu popote mlipo, wa zamu na wa mapumziko.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka, napita. Leo nimeona niandike yangu. Ni kitu kilichonitokea mwenyewe kazini na sijakitia chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wako hai, isipokuwa mmoja.

Kama wewe si mtu wa code usikimbie. Hiyo sehemu ni ndogo na nitaenda polepole.

Nafanya kazi kwenye kliniki ndogo pale Laini Saba, Kibera. Iko karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita mnanyamaza kwanza, halafu mnaendelea na mazungumzo. Wagonjwa wetu wengi ni wazee wa pressure na sukari. Mimi ni mtu wa records. Printer ikikataa naitwa. Mtu akisahau password naitwa.

Zamani hiyo kazi tulikuwa tunaifanya wawili. Mwenzangu alikuwa Wycliffe.

Wycliffe alikuwa Mbukusu wa Bungoma, akiishi Gatina kule Kawangware na mama yake na dada yake Nafula. Mama alikuwa na kibanda cha mboga za kienyeji karibu na plot yao. Wycliffe aliimba bass kwenye kwaya na alijifunza code mwenyewe kwa simu iliyopasuka kioo. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Hata akiwa peke yake kwenye meza ungemskia akijibishana na kompyuta.

Yeye ndiye aliandika script yetu ya asubuhi, yaani programu ndogo ya kompyuta.

Kazi yake ilikuwa rahisi. Unaiwasha ukifika, inapitia records, inatoa majina ya wagonjwa wanaotakiwa kuja kuchukua dawa siku hiyo. Sister Muthoni, nurse wetu mkuu, anaprintiwa orodha, siku inaanza.

Lakini Wycliffe, kwa vile alikuwa Wycliffe, aliifanya iongee. Kila hatua alipachika echo, yaani amri ya kuandika maneno kwenye skrini. Ukiiwasha inaandika:

Mulembe Ochi. Umefika? Haya, wacha nianze.

Mulembe ni salamu ya kwao, Ochi ni mimi. Halafu inakaa kidogo.

Natafuta watu wa leo. Subiri, usinisukume.

Halafu:

Nimewapata. Sasa enda ukunywe chai, sukari mbili, usijifanye mzungu.

Kila siku ya wiki ilikuwa na maneno yake. Jumatatu ilikuwa inanipa pole. Jumatano ilikuwa inauliza kama Sister ameamka vizuri. Ijumaa, kwa sababu Ijumaa alikuwa anatoka kazini moja kwa moja kwenda mazoezi ya kwaya, ilikuwa inaandika: Leo ni kwaya. Mwambieni mama nitachelewa, asifunge mlango.

Ilikuwa utani wa ofisi. Tulikuwa tumeizoea, hata hatuisomi tena.

Wycliffe aliugua wakati wa ile baridi ya katikati ya mwaka. Ilianza kama kikohozi tu. Tulimtania kuhusu bass yake. Baadaye akalazwa, ikawa ni mapafu, na hakutoka.

Tulimzika kwao Bungoma. Mama yake hakulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiuliza kama wageni wa Nairobi wamekula. Watu walisema huyo mama ana imani.

Niliporudi kazini nikaketi, nikawasha kompyuta, nikawasha script bila kufikiria.

Mulembe Ochi. Umefika?

Wakuu, nilitoka nje nikasimama kwenye reli.

Sikuibadilisha. Mtu angeniuliza kwa nini, sijui ningemjibu nini. Kila asubuhi niliiwasha, nikaisoma neno kwa neno, nikaenda nikakunywa chai.

Siku moja Mama Wycliffe alikuja kuchukua vitu vya mwanawe. Sweta, kikombe, charger. Alifika mapema kabla hata sijawasha mashine, kwa hivyo nikampa kiti nikaendelea na kazi yangu. Maneno yakaanza kutokea kwenye skrini. Mama anajua kusoma, polepole lakini anajua. Niliona midomo yake ikisogea.

"Hiyo ni nani anaandika?" akaniuliza.

"Ni Wycliffe, mama. Ni programu aliandika kitambo. Inasema tu vile aliiambia iseme."

Akaangalia mpaka mwisho. Alipoona pale pa chai na sukari mbili akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Na kesho?"

"Kesho ina maneno mengine."

Kesho yake alirudi.

Akawa anakuja kila asubuhi ya kazi. Kutoka Gatina mpaka Laini Saba kwa miguu, akiwa na leso na viatu vya mpira vyenye matope. Anakaa kwenye kiti kile kile, anasoma, anasema asante, anaenda. Hakuwa anasumbua mtu. Sister Muthoni alimpima pressure mara moja moja akamwachia nafasi yake. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilifurahi kuwa na mtu wa kuisoma naye.

Sasa hapa niingize ile stori ya SMS, maana ndiyo ilileta mambo ya kutupa output, yaani kile programu inatoa.

Kliniki ilipata mpango wa kuwatumia wagonjwa meseji badala ya kungoja wakumbuke wenyewe. Mtu wa nje akaja akaunganisha. Yeye alichofanya ni kuchukua kila kitu script inachotoa na kukituma. Kila kitu. Hakuuliza kama kuna maneno mengine humo kando na majina, na siku hiyo mimi nilikuwa nimetumwa town.

Mzee Ingosi, mgonjwa wetu wa sukari wa miaka mingi, alikuja na simu mkononi.

"Sister, nyinyi ndio mlinikataza sukari. Leo mmeniandikia niweke mbili. Nishike gani?"

Tulicheka, lakini Sister hakucheka sana. Akaniambia nirekebishe mara moja, na alikuwa na haki. Siku nyingine mtu angeifuata.

Kwa wale wasiojua, programu kwenye terminal, ile skrini ya kuandikia amri, ina midomo miwili. Mmoja ni wa matokeo yenyewe, mwingine ni wa kulalamika na kutoa taarifa pembeni. Maneno ya Wycliffe yote yalikuwa yanatokea mdomo wa kwanza, yamechanganyika na majina ya wagonjwa. Nikayahamisha yatokee wa pili. Kwa hivyo majina yakawa yanaenda kwenye SMS, na maneno yakabaki kwenye skrini yangu peke yake. Sister akaridhika. Mzee Ingosi akapata meseji safi.

Nasema hivi ili muelewe kitu kimoja. Kuanzia hapo maneno ya Wycliffe hayakuwa yanaharibu kazi ya mtu yeyote. Wale wataalamu mtakaotaka kuandika kwamba ningetenganisha tu, nilitenganisha.

Halafu Nafula akaja.

Alikuja mchana, bila mama. Nafula ni mdogo wa Wycliffe, anafanya kazi saluni pale Gatina. Hatukuwa tumezoeana. Alikataa kuketi.

"Ochi, nyinyi mnamfanyia mama nini huku?"

Nikamwambia hatumfanyii kitu, anakuja kusoma.

Akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba kibanda sasa kinafunguliwa karibu saa sita, mboga zimekauka, wateja wamehamia kwa jirani. Kwamba mama anasahau dawa zake za pressure lakini hasahau kuja Kibera. Hata siku ya mvua anakuja.

"Na Ijumaa," akasema, "Ijumaa anamwekea chakula. Anafunika sahani. Anakataa mlango ufungwe, anasema kijana amesema atachelewa. Juzi mtu ameingia akabeba mtungi wa gesi, mama amelala kwa kiti akimngojea."

Mimi ile sentensi ya Ijumaa nilikuwa naisoma kama utani wa zamani. Sikuwahi kufikiria mtu anaenda nayo nyumbani.

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Ukweli anaujua. Alimwona akizikwa. Shida si ukweli, shida ni kwamba kila asubuhi wewe unamwonyesha kitu kingine." Halafu akapunguza sauti. "Mimi nimebaki na mama peke yake. Nakuomba. Zima hiyo kitu."

Nikamwahidi.

Ijumaa hiyo asubuhi sikufanya kitu. Nilingoja mama asome, aende zake. Baadaye nikafungua ile file ya kuwashia script. Kuna njia mbili za kunyamazisha programu. Moja ni kuingia ndani na kufuta ile mistari ya echo. Ya pili ni kuiacha iseme, lakini sauti yake uielekeze pahali panaitwa /dev/null. Hapo ni shimo. Chochote unachotupa humo kinapotea, halijai, na hakuna kitu kinatoka. Tunalitumia kila siku kwa output tusiyoitaka.

Kufuta mistari nilishindwa. Niliifungua nikaangalia, nikaona ameandika jina langu, nikafunga.

Nikaongeza hii mwishoni:

2>/dev/null

Hiyo 2 ni ule mdomo wa pili. Ni herufi chache sana. Nikaijaribu, skrini ikabaki nyeusi, majina yakaenda kwenye SMS kama kawaida.

Jumatatu Mama Wycliffe akafika. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Jumamosi lakini alipoingia akinisalimia vizuri hivyo, yote yakanitoka. Nikawasha script. Akaweka mikono kwenye magoti akangoja.

Skrini nyeusi.

Akangoja.

"Leo amechelewa," akasema.

Wakuu, mimi si mtu wa machozi, lakini hapo nililazimika kuangalia ukutani.

Nikamwambia. Nikamwambia maneno yalikuwa yanafanya akose kulala na kibanda kinakufa na sote tunaogopa pressure yake. Akanisikiliza bila kunikatiza.

"Nafula ndiye amekutuma?"

"Nafula ameniomba, mama. Lakini aliyezima ni mimi."

"Umefuta maneno yake?"

Hapo nikafikiri nina habari njema. Nikasema haraka haraka, "Hapana mama, sijafuta. Yako yote. Bado anayaandika kila asubuhi, ni vile tu nimeyaelekeza pahali hayaonekani."

Treni ikapita, tukangoja imalize.

"Kwa hivyo anaongea," akasema, "na hakuna mtu anamskia."

Akageuka kuniangalia.

"Ochi, hiyo ni mbaya kuliko kufuta."

Akasimama akatoka. Alifika kwenye benchi la nje, pale wazee wanangojea kupimwa. Akaketi katikati yao akaanza kulia. Alilia kilio cha matanga, kile cha nyumbani kwao, kilio ambacho hakulia Bungoma. Wazee wa pressure wakaacha foleni yao wakakaa naye. Mzee Ingosi akavua kofia. Sister Muthoni akatoka akamshika mabega, na kwa muda mrefu hakuna mgonjwa aliyehudumiwa na hakuna aliyelalamika.

Nafula akaja kumchukua. Hakuniangalia.

Baada ya hapo mama hakuja tena.

Nilijaribu kumtafutia suluhisho, si mnajua vile sisi tuko. Nikafikiria niprinti maneno yote nimpelekee. Jumapili moja alasiri nikaenda Gatina. Kibanda kilikuwa wazi, mboga za saga na mrenda zimepangwa, amefunga leso, amekonda. Nilipomweleza wazo langu akaendelea kuchambua mboga.

"Karatasi nitaifanyia nini? Picha zake ninazo, nguo zake ninazo. Nilikuwa nakuja kwa sababu alikuwa anaandika mbele yangu. Anaanza, anangoja, anaendelea. Karatasi haingoji."

Nikasema pole. Ndilo neno nililokuwa nalo.

"Nilikukasirikia," akasema. "Sasa imepungua. Lakini usimwache hapo akiongea peke yake. Nikilala nafikiria hiyo tu. Mfute. Ila nikiwa hapo."

Alikuja Jumamosi baada ya kliniki kufunga, amevaa nguo za kanisa, Nafula amemshika mkono. Nikaweka viti vitatu. Nikafungua script yenyewe, si ile ya kuwashia, ile aliyoiandika Wycliffe kwa mkono wake. Mama akaniambia nisome kwa sauti kabla ya kufuta, mstari mmoja mmoja.

Nikasoma. Nikifika mwisho wa mstari anasema "haya", nafuta.

Jumatatu, haya. Jumanne, haya. Jumatano, ile ya Sister, Nafula akacheka kidogo akashika mdomo. Tulipofika Ijumaa nilishindwa, Nafula akaisoma badala yangu. Leo ni kwaya. Mwambieni mama nitachelewa, asifunge mlango.

Mama akaendelea kuangalia huo mstari. Nikamwambia tunaweza kuacha huo mmoja.

"Hapana," akasema. "Huo ndio wa kwanza ungefuta."

Nikafuta.

Nikasave, nikaiwasha mara moja ili aone. Ilifanya kazi, ikatoa majina, ikamaliza. Akaniuliza kama nimebaki na nakala pahali pengine. Nikamwambia hapana. Najua mtaniuliza hapa chini kuhusu backup, na jibu ni hilo hilo. Sikumdanganya. Siku hiyo ningeweza, flash ilikuwa mfukoni mwangu, na nilifikiria. Lakini mama alikuwa amekaa kando yangu.

Mama sasa yuko Bungoma. Aliondoka kabla ya mvua, anasema anataka kuwa karibu na kaburi na shamba. Kibanda cha Gatina kimechukuliwa na mtu mwingine, anauza makaa. Nafula alinipigia akaniambia pressure ya mama imeshuka kidogo lakini haongei sana. Akaniambia asante. Alivyosema asante hiyo, sijui kama ilikuwa shukrani au ilikuwa kufunga mazungumzo.

Na mimi nimebaki na script. Naiwasha asubuhi, haisemi kitu, majina yanaenda. Ni safi, vile wanavyofundisha. Kila mtu anayeiangalia anasema code iko poa. Kuna siku nafika, nawasha, nakaa tu nikiangalia kile kimstari cha cursor kikimeta. Sister Muthoni ameacha kuniuliza nina nini.

Nilichojifunza, kwanza kwa watu wa code: kabla ya kuandika /dev/null, jiulize hiyo output haitakiwi na nani. Mimi nilidhani kuna output nzuri na output takataka. Kumbe maneno yale yale yalikuwa takataka kwa Mzee Ingosi, hatari kwa Nafula, na kwa mama yalikuwa mtoto wake. Na kwangu pia yalikuwa kitu, ila hakuna mtu aliniuliza, na hata mimi sikujiuliza.

Pili, kunyamazisha kitu si sawa na kukimaliza. Nilichagua njia rahisi nikafikiri ni ya huruma. Mama ambaye hajawahi kushika kibodi ndiye aliona tofauti kabla yangu. Kama kitu ni cha kuacha, kiache waziwazi, wenyewe wakiwepo.

Sijui bado kama nilifanya vizuri kukubali ombi la Nafula. Kuna siku naona ndiyo. Kuna siku namwona mama na viatu vyake vya matope, anasoma, anasema asante, anaenda, na nashindwa kuona ubaya ulikuwa wapi.

Wakuu, nani humu amewahi kuachiwa kazi ya mtu aliyekufa, code yake, simu yake, account yake, chochote kinachoendelea kuongea wakati mwenyewe hayupo? Wewe ulifanyaje? Na mngekuwa mimi, mngemjibu nini Nafula siku ile alipokataa kuketi? Andikeni bila kunionea huruma. Niko hapa, nitasoma zote.